Mtia Grisi wa Pili

Ilikuwa Jumanne isiyo na lolote. Jua lilikuwa jua, maji ya gatini yalikuwa na utando wake wa mafuta kama siku zote, na Admeli alikuwa amechelewa kazini, nako pia kama siku zote.

Jina hilo la Admeli, yaani mkuu wa manowari zote, alibandikwa na majirani kwa dhihaka, naye kwa kukosa haya akalipokea kama zawadi. Alikuwa mume wa mpwa wetu, ndiyo maana mambo yake tunayajua mpaka ya uvunguni. Kabla ya kuwa mtembeza wageni kwenye manowari ya makumbusho aliuza magodoro, na kabla ya magodoro aliuza maneno, biashara ambayo hakuifunga hata siku moja. Kuogelea hajui. Hata maji ya kuoga alikuwa akiyaingia kwa kubembelezwa. Lakini mvalishe lile koti jeupe la vifungo vya manjano, alilomsumbua mkewe miezi miwili amshonee, msimamishe juu ya sitaha mbele ya wageni wenye simu mkononi, hapo utadhani bahari nzima ni kisima alichochimba babu yake.

Na huyo babu ndiye aliyeleta balaa lote.

Manowari yenyewe ni ya zamani, ya chuma kitupu, imefungwa gatini kwa minyororo minene kama mapaja. Mizinga yake imezibwa midomo kwa mbao ili watoto wasitumbukize vijiti vya aiskrimu. Watu hulipa kiingilio, hupanda, hupiga picha kwenye usukani, hushuka. Chini kabisa, ngazi nne kwenda chini, kuna chumba cha boila, mtambo wa kuchemsha maji yawe mvuke, na mlango wa chumba hicho umechomelewa pande zote nne. Wakati wa vita kombora lilitoboa ubavu wa meli mahali hapo. Maji yakaingia kwa fujo. Amri ikatoka juu kwamba mlango ufungwe, meli isije ikazama na watu mia mbili. Ukafungwa. Kumi na mmoja walikuwa bado ndani. Meli ikapona, vita vikaisha, maji yakavutwa kwa pampu, wale kumi na mmoja wakazikwa kwa heshima zote, kisha mlango ukachomelewa usifunguliwe tena.

Mabaharia waliosalia, walipoikabidhi manowari iwe makumbusho, waliweka sharti moja tu. Kila asubuhi meli inapofunguliwa, saa nne, kabla ya mgeni yeyote kushuka chini, wale kumi na mmoja waitwe. Waitwe kwa kazi zao, kama walivyokuwa wakiitwa melini. Baada ya kila mmoja, msomaji anyamaze kwa muda wa pumzi moja. Na mtu asiitike.

Kazi hiyo ya kusoma ilikuwa ya Mama Tiketi, mwanamke wa dirishani, mnene, mkali, ambaye hakuwahi kumchekea Admeli hata kwa bahati mbaya. Alisimama juu ya mdomo wa ngazi na karatasi yake. "Mchochea moto wa kwanza!" Kimya. Na katika kile kimya, kutoka chini, mlio mdogo. *Ko.* "Mchochea moto wa pili!" *Ko.* Hivyo mpaka wa mwisho, mpishi, ambaye maskini hata hakuwa na kazi mle ndani, alikwenda kuchota maji ya moto tu. *Ko.* Wageni waliambiwa ni chuma kinatanuka kwa jua. Siku za mvua pia kilitanuka, na hakuna aliyeuliza.

Sasa, mkuu wa makumbusho alikuwa amestaafu, na bodi ikatangaza kwamba, sifa zikilingana, kiti atapewa mtu mwenye damu ya mabaharia wa meli ile. Admeli akasikia. Usiku hakulala, si kwa mawazo ya kazi, maana kazi hakuwahi kuiwaza. Alikuwa akitafuta damu. Asubuhi akafungua kabati la mafaili. Kumi kati ya wale kumi na mmoja walikuwa na ndugu, wajukuu wanakuja kila mwaka na maua na makelele. Mmoja tu hakuwa na mtu. Mtia grisi wa pili. Hana picha, hana barua, hana jamaa aliyewahi kumwulizia. Admeli akamwokota marehemu wa watu kama unavyookota mwavuli uliosahauliwa kwenye kiti cha basi.

Kwa hiyo Jumanne ile, mwenyekiti wa bodi alipokuja kukagua, Admeli alijisogeza karibu na ngazi, koti limepigwa pasi, uso ameulegeza kama mfiwa.

"Mtia grisi wa pili!" akaita Mama Tiketi.

"Nipo!" Admeli akapaza sauti. "Babu hayupo, lakini damu yake ipo! Mimi mjukuu wake, nipo!"

Wageni wakapiga makofi. Mama mmoja akalia. Mwenyekiti, mtu wa machozi ya karibu kama mtoto mchanga, akatoa kitambaa akapangusa macho, akamkumbatia Admeli mbele ya kamera. Naye Admeli akavikwa kilemba cha ukoka akakiona cha hariri.

Mama Tiketi peke yake hakupiga makofi. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Makofi yalipoisha akamwita mpishi. *Ko.* Akakunja karatasi. Alikuwa amehesabu kwa vidole ndani ya mfuko wa aproni, kama alivyohesabu kila siku kwa miaka kumi na tisa.

Milio ilikuwa kumi.

Jioni mpwa wetu alimwona mumewe akisugua mikono kwenye beseni. Chini ya kucha kulikuwa na weusi, weusi mzito wa mashine.

"Leo umefanya kazi?" akamwuliza, kwa mshangao wa kweli.

"Nimeshika mnyororo tu."

Alisugua kwa sabuni, akasugua kwa majivu, akasugua kwa limau. Haukutoka. Asubuhi, shuka upande wake lilikuwa na alama za vidole kumi, nyeusi, zimekazwa, kama za mtu aliyeshikilia ngazi usiku kucha.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini makofi kwa mtu asiye na kitu ni kama sukari kwa sisimizi. Jumatano kulikuja basi zima la wageni, naye akaona awafurahishe. "Mtia grisi wa pili!" "Nipo!" Safari hii akaongeza na saluti, mkono kapeleka kwenye sikio, maana hata saluti hakuijua.

Makofi tena. Kisha akaanza kusikia joto.

Lilianzia nyayoni. Alidhani ni sitaha imeshika jua. Akahamia kivulini. Joto likamfuata. Akamwaga maji kichwani, wageni wakacheka wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Kitu alichokumbuka baada ya hapo ni kwamba alikuwa chini. Ngazi nne chini. Peke yake. Kiganja chake kilikuwa kimelala juu ya mlango uliochomelewa, na hakujua alishuka saa ngapi. Mlango ulikuwa wa moto. Na upande wa pili, palepale penye kiganja chake, kulikuwa na kitu kinachousukuma taratibu, kama kiganja kingine.

Alipanda juu kama paka aliyemwagiwa maji. Mama Tiketi alikuwa anamsubiri, mikono kiunoni.

"Nani kakwambia uitike?"

"Dada, si heshima tu kwa babu..."

"Babu yupi? Babu yako namjua. Alikuwa na makengeza, anauza sabuni, na mvua ikinyesha hatoki nje. Koma."

"Dada, punguza sauti. Watu."

Akapunguza. Hiyo ndiyo ilimtisha Admeli zaidi, maana Mama Tiketi hakuwahi kupunguza sauti kwa ajili ya mtu.

"Sikiliza, mjinga wewe. Aliyenirithisha karatasi hii aliambiwa na wale wazee wenyewe. Melini, mtu mpya hawi baharia siku moja. Huitwa mara ya kwanza, akaitika. Huitwa ya pili, akaitika. Ya tatu akiitika, anaandikwa kwenye daftari, na zamu ni yake. Kabla ya hiyo ya tatu ana ruhusa ya kusema 'si mimi' mbele ya watu waliomsikia, akashuka zake nchi kavu. Baada ya hapo hashuki."

"Hizo hadithi..."

"Usigeuke haraka," akanong'ona. "Pale penye kamba."

Admeli akageuka haraka.

Juu ya furushi la kamba, mbele ya meli, alikaa mwanamume kijana. Fulana imemgandama. Miguu mitupu. Uso kauinua juani, macho kafumba, kama mtu aliyetoka hospitali baada ya kulazwa muda mrefu. Wageni walipita kando yake, wakampisha bila kumtazama, kama unavyopisha nguzo. Mikono yake ilikuwa myeupe kwa maji, imekunjamana. Ilikuwa safi kabisa. Hata kucha.

Kijana akafumbua macho. Akamtazama Admeli kwa upole.

"Jua tamu hili, ndugu yangu," akasema. "Bado moja tu, eh?"

Alhamisi makumbusho hufungwa kwa usafi, na mwito hausomwi. Admeli alishinda nyumbani, beseni la maji limewekwa miguuni, na maji yakawa yanapata moto. Mpwa wetu aliyabadilisha mara sita. Mara ya saba akalivuta beseni kando, akakaa mbele yake na chaki yake ya kushonea mkononi.

"Niambie kweli. Mara moja tu katika ndoa hii."

Akamweleza. Kuhusu faili, kuhusu marehemu wa watu aliyemwokota, kuhusu yule wa kwenye kamba. Mpwa wetu hakulia. Aliishi na huyo mtu miaka kumi na minne, machozi alishayabana kwa pini siku nyingi.

"Basi kesho sema si wewe. Maneno mawili."

"Mbele ya mwenyekiti? Kesho ndiyo wanakuja na barua. Bodi nzima inakuja! Mke wangu, wataniona mwongo."

"Kwani wewe ni nani?"

Akatazama kucha zake nyeusi. Kisha ule uso wake wa ujanja ukarudi, uso wa kuuza godoro lililotoboka upande wa chini.

"Nitanyamaza," akasema. "Sitakana, sitaitika. Akiniita nakaa kimya, nainamisha kichwa kama mtu mwenye uchungu. Barua napata, zamu sipati. Umeona akili?"

"Nimeona," mpwa wetu akasema, na akatoka nje kuanika shuka ambalo halikutakata.

Ijumaa. Saa nne kasoro dakika chache. Sitaha imejaa. Mwenyekiti ana bahasha ya rangi ya maziwa. Nyuma yake wajumbe wa bodi, nyuma yao wapiga picha. Mpwa wetu naye alikuwapo, kasimama karibu na Mama Tiketi, na wote wawili walikuwa wakitazama upande wa zile kamba. Yule kijana alikuwa pale. Amekaa wima, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

"Mchochea moto wa kwanza!"

*Ko.*

Mmoja mmoja. Admeli alikuwa anatoka jasho jeusi shingoni. Kola ya koti ikaanza kuchafuka.

"Mtia grisi wa kwanza!"

*Ko.*

Mama Tiketi akashusha karatasi. Akamtazama Admeli, na kwa mara ya kwanza macho yake hayakuwa makali. Yalikuwa yanamwomba.

"Mtia grisi wa pili."

Kimya.

Admeli akainamisha kichwa. Kama alivyopanga. Pumzi moja ikapita. Chini hakukulia kitu. Pumzi ya pili. Kwenye kamba, kijana akasimama.

"Vipi leo mjukuu haitiki?" mwenyekiti akasema, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha mapenzi. "Machozi yamemkaba."

"Sema," mpwa wetu akanong'ona. "Sema si wewe."

Alimsikia. Tunajua alimsikia, kwa sababu alimtazama. Akafungua mdomo. Maneno mawili yalikuwa yameshafika kwenye ulimi, mpwa wetu anaapa aliona midomo ikikutana kuyatoa. Halafu jicho lake likateleza. Likaiona bahasha. Likaona kamera. Likaona nyuso zote zile zinazompenda mtu ambaye hakuwahi kuwa yeye.

"Nipo," akasema, kwa sauti ndogo.

"Hatukusikia!" mwenyekiti akadakia, anatabasamu.

"NIPO!"

Makofi yakalipuka. Mwenyekiti akanyoosha bahasha. Admeli akanyoosha mkono, lakini mkono haukufika. Ulisimama njiani. Akageuza kichwa kama mtu aliyesikia jina lake kutoka chumba kingine.

"Samahani, mheshimiwa," akasema. Sauti ilikuwa ya adabu. Haikuwa yake. "Nimeitwa chini."

Akavua koti. Akalikunja, mkono juu ya mkono, kola juu, akaliweka sakafuni vizuri. Mpwa wetu anasema hapo ndipo alipojua kwamba amekwisha. Miaka kumi na minne hakuwahi kumwona akikunja kitu. Akashuka ngazi ya kwanza. Ya pili. Nyayo zake zikasikika kwa muda mrefu, zinashuka, zinashuka, muda mrefu kuliko ngazi nne zilivyo. Halafu zikakoma.

"Amezidiwa na hisia," mwenyekiti akawaambia wapiga picha. Kichwa kikubwa, ubongo wa kuazima.

Wakati wote wakitazama mdomo wa ngazi, kijana wa miguu mitupu alikuwa akielekea upande wa pili, kwenye daraja la kushukia gatini. Alisimama mbele ya mpwa wetu. Alikuwa na harufu ya maji yaliyokaa.

"Nisamehe, dada," akasema. "Nilikuwa sina mtu."

Akashuka. Akapita kati ya magari yaliyoegeshwa, akishika kila gari kidogo kwa ncha ya kidole, kama mtoto. Kwenye kona akaangalia kushoto na kulia, hajui aende wapi. Akachagua kulia.

Admeli walimtafuta. Walimtafuta chini, juu, ndani ya mizinga. Polisi wa bandari wakaleta wazamiaji wakakagua maji ya gatini, wakatoa baiskeli mbili na choo cha kukalia. Mlango wa boila ulikuwa umechomelewa vilevile, kutu juu ya kutu, na utando wa buibui kwenye kona. Mwenyekiti akatoa kauli kwamba aliyetarajiwa kuwa mkuu ametoweka kwa sababu za kifamilia. Yaani familia ndiyo ikawa na makosa!

Jumamosi saa nne Mama Tiketi alisoma peke yake, wageni walikuwa wachache. Akaita, akahesabu mfukoni. Kumi na moja. Ila ule wa pili kutoka mwisho, wa mtia grisi, ulichelewa, na ulikuwa dhaifu, na baada yake ukaja mwingine wa haraka, kama wa mtu aliyekemewa arudie.

Mpwa wetu aliomba mlango ukatwe. Bodi ikakataa, ni urithi wa taifa. Akakaa kwenye ngazi ya makumbusho na kila mgeni aliyepanda alimweleza habari yote tangu mwanzo, na anajua kueleza, ni wa ukoo wetu. Siku ya tisa wakachoka, wakamwita fundi wa kuchomelea na mitungi yake ya gesi.

Alikata kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Mlango ulipoegemezwa kando, hewa iliyotoka ilikuwa kavu na nzito, hewa iliyofungiwa tangu babu zetu. Hakukuwa na mtu. Vumbi lilikuwa limelala sakafuni kama blanketi, na hakuna unyayo hata mmoja. Fundi akaingia na taa. Mpwa wetu akaingia nyuma yake, hawakuweza kumzuia.

Kwenye ukuta wa mwisho kulikuwa na magurudumu ya koki, yale ya kufungulia mvuke, kumi na mawili kwa safu. Chuma kilichozama, kikakauka, kikashika kutu kabla fundi yule hajazaliwa. Akagusa la kwanza kwa kidole kimoja. Likazunguka. Halikutoa hata mlio. Grisi mbichi ilikuwa inang'aa kwenye kila mhimili. La pili likazunguka. La tatu. Akayapitia yote mpaka la kumi na moja.

"Siyo yeye," mpwa wetu akanong'ona, kama anayejibembeleza. "Huyo mtu hajawahi kumaliza kazi."

Fundi akasogeza taa kwenye la kumi na mbili. Lilikuwa limepakwa grisi nusu tu. Nusu ya pili ilikuwa kutu tupu. Juu yake kulitundikwa kitambaa cha kufutia, jinsi mtu anavyokitundika anapopumzika kidogo tu, akijua anarudi.

Mpwa wetu akakishika. Kilikuwa na joto, na kilikuwa bado kimelowa jasho.